Milango Miwili, Mama

Jumamosi, Agosti. Lemara, saa kumi na moja jioni.

Baridi. Mlima haujaonekana tangu asubuhi, wingu limeukalia na wala halina haraka. Nimevaa sweta mbili, nimejifunga kitenge kiunoni, na sentensi ya kwanza ya leo nimeiandika na kuifuta mara nne.

Nimemwaibisha mtu.

Basi, ndiyo hiyo. Nyingine zote zilikuwa za kuizunguka.

Wanaopita kwenye blogu hii mara kwa mara wananijua kwa mambo ya lugha. Ngeli, methali, maneno yanayotumika ovyo redioni. Wengi walinijua kupitia zile picha nilizokuwa naweka za mabango yaliyokosewa, hasa ya mafundi wa barabara ya Sakina, na maoni yenu chini yake yalikuwa yananichekesha mpaka machozi. Leo asubuhi nimezifuta zote. Zilikuwa thelathini na kitu. Nilipozipitia moja moja kabla ya kuzifuta, niligundua kwamba kila bango nililielewa mara ya kwanza nilipolisoma. Aliyeziba pancha alisema anaziba pancha. Nilichokuwa nacheka sikijui tena.

Ngoja nianze mwanzo.

Ninafundisha Kiswahili katika shule ya sekondari ya kutwa huko Nduruma. Wanafunzi wananiita Madam. Pamoja na vipindi vyangu, mimi ndiye mwalimu wa taaluma, yaani masuala ya mitihani na matokeo yanaishia mezani kwangu, na ndiye mlezi wa klabu ya mdahalo. Ukuta wa chumba cha klabu nimeuandika mwenyewe kwa rangi ya bluu: JIBU HOJA, USIMJIBU MTU.

Naomba uikumbuke rangi hiyo ya bluu. Mimi siwezi kuisahau.

Mwezi wa sita nilipeleka pendekezo kwenye kikao cha wazazi. Nilitaka wasichana wote wa kidato cha nne waweke kambi shuleni kuanzia Julai mpaka mtihani wa Novemba. Tungetoa madawati kwenye darasa la mwisho, lile linalotazama mashamba ya nyanya, tukaweka vitanda vya ghorofa. Wasichana wangelala hapo, wangesoma jioni, wasingetembea kwenye vumbi wala kuchota maji kabla ya jua kuchomoza. Lilikuwa pendekezo zuri. Bado naamini lilikuwa na uzuri wake.

Lakini kwa kuwa hapa ni shajara na si kikao, niseme na lile lingine. Shule ya jirani ilituzidi matokeo mwaka uliopita, na mwalimu wao wa taaluma nilisoma naye chuo. Nilitaka kambi kwa ajili ya wasichana. Nilitaka pia kambi kwa ajili ya uso wangu nitakapokutana naye. Sijui ni kipi kilikuwa kikubwa, na ukweli kwamba sijui unanisumbua.

Kikao kilijaa. Wazazi walikaa kwenye madawati ya watoto wao, wengine walisimama ukutani. Nikatoa maelezo yangu, mkuu wa shule akanisifu, wazazi wakapiga makofi. Mkuu akauliza kama kuna mwenye la kuongeza, kwa ile sauti ya mtu ambaye ameshaanza kukusanya karatasi zake.

Akasimama mama Nasieku.

Nilimjua kwa mbali. Ni mama wa Kiarusha, anaishi ng'ambo ya korongo, anauza maziwa. Mume wake yuko na mifugo mbali sehemu kubwa ya mwaka, kwa hiyo nyumba anaiongoza yeye. Aliishia darasa la nne. Binti yake, Nasieku, ndiye mzungumzaji bora niliyewahi kuwa naye klabuni, na siku hiyo alikuwa mlangoni akigawa karatasi ya mahudhurio.

Mama yake alishika ncha ya shuka yake, akasema hivi. Nanukuu kadiri ninavyokumbuka, na nakumbuka vizuri mno.

"Mimi niko na maneno tatu. Ya kwanza, ile darasa nimeenda kuangalia. Iko na mlango moja, na dirisha zote ziko na nondo. Nyumba ya kulala watoto arobaini inataka mlango mbili. Ya pili, sisi wa ng'ambo tuko na wasichana kumi na moja wa kidato cha nne. Nimepita nyumba kwa nyumba nikauliza. Wanne wako na mama mgonjwa ama hakuna mama kabisa. Nyie mkisema lazima, hao hawatakuja kambi, wataacha shule. Ya tatu, mimi sikatai wasome. Wabaki mpaka saa kumi na moja na nusu, sisi wazazi tuje kuwachukua kwa zamu. Mimi naanza Jumatatu."

Nyuma kabisa baba mmoja akasema, "Hiyo ni kweli." Mama mwingine akageuka kumwangalia jirani yake. Nilihisi kikao kikinitoka mkononi, kama vile unavyohisi kamba ya ndoo ikiteleza.

Na hapa ndipo penye aibu yenyewe. Nilijua ana haki. Si kwamba nilikuja kujua baadaye. Nilijua pale pale, nimesimama na chaki mkononi. Lile la mlango mmoja nilikuwa nimeliona mwenyewe siku tulipopima vitanda, nikaliweka pembeni nikijiambia tutalifikiria mbele ya safari. La wasichana wanne sikulijua, kwa sababu sikuwahi kupita nyumba kwa nyumba. Yeye alipita.

Sikuwa na jibu. Basi nikafanya kile anachofanya mtu asiye na jibu lakini ana cheo.

Nikatabasamu. Nikasema, "Milango miwili, mama. Mlango mbili ni kitu gani?"

Walicheka. Si wote, lakini ukumbi ukicheka huhitaji wote. Nikaona inafaa, nikaongeza: "Tumalize kwanza ngeli, halafu ndipo tuje kwenye mabweni." Wakacheka zaidi. Mkuu wa shule naye alicheka, akafunika mdomo kwa karatasi.

Mama Nasieku hakukasirika. Laiti angekasirika. Alitazama huku na huku kama mtu anayetafuta alichoangusha, kisha akaketi. Mkuu akaita kura, mikono ikanyooshwa, pendekezo likapita.

Nilirudi nyumbani nimeshinda.

Mimi ni Mmachame. Kiswahili nilikikuta shuleni kama wenzangu wengi wa mlimani. Nyumbani kwetu ilikuwa Kichaga asubuhi mpaka jioni, hata kanisani. Nilipoletwa kusoma Arusha mjini kidato cha kwanza, siku ya pili nilimwambia matroni "kitanda kwangu kimevunjika." Mwalimu wa zamu alikuwa karibu. Alinisimamisha mbele ya foleni ya chakula nikarudia "kitanda kwangu" mara tano, huku wasichana wakigonga sahani. Nililala siku tatu kwenye kitanda kilichovunjika kwa sababu sikuthubutu tena kumwambia mtu.

Nimeisimulia hadithi hiyo darasani mara nyingi. Huwa naisimulia kama hadithi ya ushindi: tazameni, leo nafundisha Kiswahili. Sikuwahi kujiuliza nilichukua nini kutoka kwa yule mwalimu.

Julai kambi ikaanza. Asubuhi ya kwanza nilikuwa langoni na orodha. Mama Nasieku alifika na godoro kichwani, binti yake nyuma na ndoo na sanduku. Alitua godoro, akanipa shikamoo kwa sababu nimemzidi umri, akasema, "Kikao kimeamua, mwalimu. Huyu hapa." Akaondoka kuwahi maziwa yake.

Katika wale wanne aliowataja, wawili walikuja. Wawili hawakuja kambini, na wiki iliyofuata hawakuja hata darasani. Nikaandika "watoro" kwenye daftari. Neno zuri, halina kosa la ngeli.

Nasieku alikuwepo kila siku, ila klabuni hakukanyaga tena.

Wiki ya tatu, Jumanne mchana, baada ya chakula, wasichana walikuwa bwenini wakichukua madaftari. Upepo wa huko mnaujua wenyewe, ukiamka unabeba hata mabati. Ukaubamiza mlango. Kitasa kikajifunga, na mmoja wao alipojaribu kuufungua kwa haraka, ufunguo ukakatikia ndani.

Nilisikia kelele nikiwa ofisini. Nilipofika mikono ilikuwa imejaa madirishani kati ya nondo. Kulikuwa na wasichana kama thelathini ndani, jua la saa nane juu ya bati, na Upendo, ambaye ana pumu, alikuwa ameanza kubanwa. Dawa yake ya kuvuta ilikuwa kwenye begi lake darasani. Nilikimbia. Nina miaka arobaini na tisa na magoti mabaya, nilikimbia na viatu mkononi. Niliporudi nikampitishia ile dawa katikati ya nondo, na mkono ulioipokea ulikuwa wa Nasieku. Alikuwa amemketisha Upendo juu ya kitanda cha dirishani, uso kwenye hewa, na amewapanga wengine wakae chini, wawili wawili wakipepea kwa madaftari. Hakuwa anapiga kelele. Alikuwa anawaambia wahesabu pumzi.

Fundi alikuja akang'oa bawaba. Ilichukua karibu dakika arobaini. Upendo alipelekwa zahanati, na jioni alikuwa anakula.

Hakuna aliyeumia. Namshukuru Mungu, nasema kwa moyo wote.

Lakini unajua wazo langu la kwanza, mlango ulipoanguka na wale watoto wakatoka wakilia? Halikuwa "Upendo yuko wapi." Lilikuwa: mama Nasieku asijue.

Hilo sijamwambia mtu mpaka leo ninapoliandika hapa.

Niliwakusanya wasichana chini ya paa la jikoni nikawaambia jambo limekwisha, tusilikuze, tusiwatie wazazi hofu. Waliitikia ndiyo Madam. Nasieku hakuitikia. Alikuwa anafunga kamba ya kiatu ambayo nadhani ilikuwa imefungwa tayari.

Kesho yake nilimwita ofisini. Nilijidanganya kwamba namwita kwa ajili ya mdahalo wa shule za wilaya, maana bila yeye hatuna mtu. Nikamuuliza kwa nini ameacha klabu. Akasema hana la kusema. Nikamwambia wewe, ukose la kusema? Nikacheka kidogo. Yeye hakucheka.

"Madam, ulitufundisha mtu akitoa hoja tujibu hoja. Mama yangu alitoa tatu. Ulijibu ipi?"

Nikavuta daftari la mahudhurio, nikalifungua.

"Naomba ruhusa niende darasani," akasema. Nikampa.

Nilikaa pale mpaka kengele ya mwisho. Nilijaribu kupanga utetezi, maana ndiyo kazi yangu, kuwafundisha watoto kupanga utetezi. Kila niliposimamisha mmoja, nilisikia lile swali fupi, "ipi?", na wote ulianguka.

Jumapili iliyopita, baada ya ibada, nilichukua bodaboda mpaka korongoni, nikavuka kwa miguu na viatu vyangu vya kanisani. Mama Nasieku alikuwa nje ya jiko lake akisafisha vibuyu vya maziwa kwa kijinga cha moto, moshi ukitokea mdomoni mwa kibuyu. Nilikuwa nimejifunza salamu moja ya Kimaasai, lugha ya Waarusha pia, kwa mwalimu mwenzangu, nikajaribu: "Takwenya." Akainua uso, akaitikia "Iko," na hakucheka. Niliitamka vibaya, najua. Hakunisahihisha.

Alinipa kigoda. Nikamweleza yote, kikao na kitasa na Upendo. Nikamwambia nimekuja kuomba msamaha, kwamba alikuwa sahihi, kwamba ni mwanamke mwenye akili sana.

Aliendelea kuzungusha kile kijinga ndani ya kibuyu. Kisha akauliza, "Mwalimu, kama ile kitasa haikukwama, ungekuja?"

Nilitaka kusema ndiyo.

Nilifungua mdomo kabisa. Lakini alikuwa ananitazama, na mtu aliyepita nyumba kwa nyumba kuhesabu watoto humdanganyi kirahisi. Nikasema, "Hapana. Nisingekuja."

Akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyepewa chenji sahihi.

"Hiyo mlango ingeweza kufunguka miaka kumi, hakuna mtu anakwama," akasema. "Hata hivyo ilitakiwa unijibu siku ile. Mimi sitaki uniambie niko na akili. Nataka ile maneno tatu ijibiwe. Kama ni mbaya, niambie ni mbaya kwa nini. Mimi nitasikia."

Nikamwambia namjibu sasa hivi, tukae tuongee. Akatikisa kichwa.

"Hapa tuko wawili. Kule tulikuwa wengi."

Akanipa maziwa. Nikanywa. Nilirudi Lemara jioni ile nikiwa na vumbi mpaka magotini, na kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi sikufungua simu kusoma maoni yenu.

Mkuu wa shule hakupenda. Alisema kikao kikishaamua kimeamua, na mwalimu akijishusha mbele ya wazazi kesho wataanza kupinga hata sare. Nilimwelewa, mimi mwenyewe ningesema hivyo mwezi mmoja uliopita. Nikamwambia basi kikao kiitwe kwa ajili ya kueleza habari ya kitasa, maana hiyo wazazi wana haki ya kuijua, na hilo lingine niachie mimi. Akakubali kwa shingo upande.

Kikao kilikuwa leo saa nne.

Nikaeleza kilichotokea Jumanne ile. Wazazi wakaguna, mama yake Upendo akalia, nikamwomba radhi kwa kumwambia siku ile kwamba mtoto "alibanwa kidogo tu". Kisha nikasema kwamba mwezi wa sita kuna mzazi alitoa hoja tatu hapa, na mimi badala ya kuzijibu nilimcheka Kiswahili chake, na nililifanya hilo kwa sababu sikuwa na jibu. Nikasema nilijua sina jibu. Nilimtaja kwa jina. Nikamwangalia yeye, siyo ukuta. Sijui nilionekanaje.

Kisha nikazitaja hoja zake moja moja, kwa Kiswahili changu kizuri. Nikafika ya pili, nikaeleza kwamba mama Nasieku alisema wasichana wanne wasingeweza kuja kwa sababu ya kazi za nyumbani.

Akainua mkono.

"Umesema vizuri, mwalimu. Lakini mimi sikusema hivyo."

Watu wakageuka.

"Mimi sikusema ni kazi. Kazi wote wanafanya. Nilisema wako na mama mgonjwa. Mtoto hawezi kulala hapa wakati mama yake analala huko peke yake, hata kama hakuna kazi yoyote. Si kazi. Ni roho."

Kumbe hata siku ile sikuwa nimemsikia. Nilikuwa na maneno yake yote kichwani, neno kwa neno na makosa yake, nimeyabeba wiki sita. Maana yake niliipita juu kwa juu. Nilisema, "Nimekosea. Naomba urudie nielewe." Akarudia. Hakuna aliyecheka, na nadhani sikuwa peke yangu niliyekuwa naisikia kwa mara ya kwanza.

Baada ya hapo kikao kikawa kikao. Baba mmoja mrefu, ambaye ana shamba karibu na korongo, akapinga hoja ya tatu. Alisema ile njia jioni ina vijana wanaokaa na pikipiki zao wakiwasumbua wasichana, na mzazi mmoja peke yake hatoshi, hasa akiwa mama. Alisema kwa upole lakini alisema wazi. Nilimwangalia mama Nasieku nikidhani atajitetea, mimi ningejitetea. Alifikiri kidogo. Kisha akasema, "Hapo umenishinda. Mimi sikufikiria hiyo. Basi zamu iwe watu wawili, na mmoja awe baba."

Hivyo tu. Umenishinda. Aliitamka kama mtu anayesogea kwenye benchi kumpa mwenzake nafasi. Nimefundisha mdahalo miaka kumi na moja na sijawahi kumfundisha mtoto yeyote neno hilo.

Mimi pia nilisema langu. Nilisema bado naona kambi inawasaidia wale wanaotoka mbali sana, na kwamba saa kumi na moja na nusu ni mapema kwa mtoto mwenye hesabu ngumu. Akanijibu. Nami nikamjibu. Sehemu moja alikubali, sehemu moja hakukubali, na mpaka sasa nadhani kwenye hiyo sehemu mimi ndiye niko sahihi. Hakuna kilichovunjika.

Tumekubaliana hivi: kambi ni hiari. Hakuna mtoto atakayelala ndani mpaka ukuta wa nyuma utobolewe mlango wa pili, na wazazi watano wamejitolea kuanza Jumatano. Wasiolala watabaki kusoma na kuchukuliwa kwa zamu, watu wawili wawili.

Mwishoni nilitarajia, nakiri, kwamba mama Nasieku angekuja kunishika mkono. Nilishapanga hata la kusema. Hakuja, alikuwa na maziwa ya kuwahi. Nasieku alikuwa mlangoni na mahudhurio kama mara ile. Akanipa shikamoo, nikaitikia marahaba, akapita. Sikumuuliza habari ya klabu. Nitamwacha mpaka atakapotaka, na asipotaka, hiyo ni haki yake.

Wale wawili niliowaandika watoro. Mmoja, baada ya habari kumfikia kwamba si lazima kulala, baba yake amesema atarudi. Wa pili anaitwa Naomi. Mama yake anaumwa tangu mwaka jana, na bibi yake anayeshika nyumba amesema shule ilishamkataa mtoto, hana tena shauri na sisi. Sikumkataa Naomi. Lakini naelewa ilivyosikika kwake.

Nilimkimbilia mama Nasieku barabarani nikamwomba twende pamoja kwa bibi huyo. Alisimama, dumu mkononi, akanipima.

Akasema twende Jumatatu saa kumi. Akasema yule bibi hajui Kiswahili, kwa hiyo yeye ndiye atakayeongea, kwa Kimaasai, na bibi atajibu kwa urefu kwa sababu ana hasira na ana sababu zake. Mimi nisimkatize. Nisiombe kutafsiriwa katikati. Nikae, nisikilize mpaka mwisho hata kama sielewi neno, na wakimaliza ndipo ataniambia bibi ana hoja ngapi.

Nimekubali.

Nimekaa hapa najiuliza kama naweza kunyamaza muda wote huo.